Bastola Haina Uzee

Sisi tunaopenda vitu vya kale tuna ugonjwa mmoja. Tukisikia kwamba kitu kimeacha kutengenezwa, mara tunaanza kukihurumia kama yatima. "Hiki hakitapatikana tena," tunasema, na mkono umekwisha kuingia mfukoni. Maneno hayo yameletwa mlangoni kwangu kwa ajili ya bastola. Nayajibu hapa, mbele ya kila msomaji, kwa sababu sidhani kama nimeulizwa peke yangu. Katika mji wetu wa Kigoma, na jirani zetu Ujiji, wapo waungwana wenye fedha na mapenzi ya historia ambao wangesema "lete" kabla mleta habari hajamaliza kunywa chai.

Bastola yenyewe ni Mauser ya Kijerumani, aina ya C96. Imekutwa ndani ya sanduku la marehemu mmoja, na warithi wake hawajui waifanye nini. Aliyeniletea habari hiyo ni mwanafunzi wangu wa zamani pale chuo cha ualimu, ambaye siku hizi ni mfanyabiashara anayeheshimika. Anajua kwamba nina kabati la sarafu, taa za chemli, mihuri na karatasi za zama za Mjerumani na Mwingereza. Akanisihi kwa adabu: "Mwalimu, usipoichukua wewe, itavuka ziwa. Ikivuka, historia yetu imekwenda."

Nimeamua kwamba siinunui, na nasema kwamba asiinunue mtu mwingine yeyote kwa kisingizio cha historia. Sitaki kujificha nyuma ya sheria peke yake. Wanaotaka kununua wana hoja zao, na hoja hujibiwa kwa hoja.

Kwanza niwape haki yao. Kwa ufundi, Mauser hiyo ni kitu cha kustaajabisha. Ilianza kutengenezwa mwaka 1896 katika mji wa Oberndorf, Ujerumani, na ikaachwa mwaka 1937. Mpini wake ni wa mviringo kama mpini wa ufagio. Risasi zake kumi hazikai ndani ya mpini kama ilivyo katika bastola za leo, bali hukaa mbele ya kifyatulio, na hushindiliwa kutoka juu. Ala yake ni ya mti, nayo ikipachikwa nyuma ya mpini hugeuka kitako, na bastola ikawa kama bunduki ndogo. Vyuma vyake vya ndani vimeshikana chenyewe kwa chenyewe kama kitendawili, bila skrubu. Winston Churchill, akiwa ofisa kijana, alikwenda nayo katika vita vya Omdurman, Sudan, mwaka 1898, kwa sababu bega lake bovu halikumruhusu kutumia upanga. Anayesema kwamba kitu hiki ni cha pekee hasemi uongo.

Sasa hoja. Ya kwanza wanasema: chuma kizee hakiumi. Hiyo si kweli. Kinu cha zamani hutwanga, na bastola ya zamani hupiga. Risasi ya Mauser hiyo, ya milimita 7.63, ni ndugu wa damu wa risasi ya Tokarev ya Kisovieti. Warusi walifuata umbo la Mauser walipoitengeneza ya kwao, na vipimo vinakaribiana kiasi kwamba moja huweza kuingia mahali pa nyingine. Wenye ujuzi wanaonya kwamba risasi ya Kisovieti ina nguvu zaidi na yaweza kumdhuru hata huyo anayefyatua. Lakini jambazi hasomi maonyo. Tokarev na nakala zake za Kichina zilienea katika nchi nyingi zilizopewa silaha na kambi ya Mashariki. Kwa hiyo kiwanda kilichoacha kuitengeneza mwaka 1937 hakikuizika bastola yake.

Wapo wajuzi wa mambo ya dunia wanaosema kwamba silaha ya umri huo huhesabiwa kuwa kitu cha kale, si silaha. Hao nao wanakosea hesabu. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha ndogo inasema wazi kwamba silaha iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 haiwezi kamwe kuhesabiwa kuwa ya kale. Katika Mauser hizi, ambazo jumla yake hukadiriwa kuwa kama milioni moja, sehemu kubwa kabisa zilitengenezwa baada ya mwaka huo. Basi mbele ya sheria bibi kizee huyu bado ni msichana.

Hoja ya pili ndiyo inayopendwa na wasomi: hii ni historia. Mimi nauliza, historia ya nani? Ukiuliza bastola hiyo ilibebwa na nani, huambiwi ila "ofisa wa Kijerumani". Hakuna barua, hakuna picha, hakuna daftari. Nimefundisha walimu kwa miaka mingi kwamba kitu kisicho na habari zake ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni. Waweza kuwa mzuri, lakini hujui ni wa hadithi gani. Nasi tunajua ni nani waliofanya kazi ya vita ile. Walikuwa wapagazi, wakiwa na mizigo vichwani. Makumi ya maelfu yao walikufa katika Afrika Mashariki kati ya mwaka 1914 na 1918, wengi kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Mpagazi hakuacha bastola. Tukikusanya bastola, tunakusanya kumbukumbu za waliokuwa na bastola.

Na Ujiji hatuhitaji kufundishwa historia ya bunduki. Bunduki ndizo zilizofungua njia ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka Manyema kupita hapa kwenda Tabora hadi pwani. Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara mkubwa wa Unguja, mwenyewe alieleza kwamba jina lake la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake. Fikiria mtu kuitwa kwa mlio wa bunduki, na jina hilo likadumu kuliko lile alilopewa na baba yake! Hapo ndipo silaha inapofika ikiachiwa isimulie historia: humeza hata jina la mwenyewe.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Katika kabati langu nina sarafu ya heller ishirini iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na fedha kutoka kwao haziji. Ni kipande cha chuma chenye sura mbaya. Nilikuwa nikiipeleka darasani, nayo ikipita mkono kwa mkono mpaka safu ya nyuma. Kila mwanachuo aliipima uzito, akauliza kwa nini ni mbaya hivyo, na kutoka katika swali hilo tukaingia katika vita vyote. Bastola haiwezi kupita mkono kwa mkono. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni na aitunze mahali salama, na sheria hiyo ni ya haki. Maana yake ni kwamba mkusanyaji mwema atafungia bastola yake ndani ya kasha la chuma, na funguo atakaa nazo yeye. Akiionyesha ovyo, anavunja uaminifu aliopewa. Akiificha, hamfundishi mtu. Kumbukumbu ambayo mwenyewe analazimika kuificha haiwi tena kumbukumbu. Imekuwa siri, na siri za bunduki tunazo za kutosha.

Tena leseni ya silaha ni ya mtu, si ya chuma. Nina zaidi ya miaka sabini. Nikifa leo, wajukuu watagawana sarafu zangu na kugombana kidogo, basi. Bastola je? Mama yao atakuwa eda, nyumba imejaa waombolezaji, na ndani ya ukuta kuna silaha ambayo mwenye leseni yake amezikwa. Nani atakumbuka kwenda kituoni? Msidhani natunga. Warithi wa yule marehemu wako katika hofu hiyo hiyo sasa. Sanduku walilotegemea kukuta nguo na hati za shamba limewaletea kesi. Mimi niwanunulie hofu yao ili niwarithishe wanangu?

Hoja ya tatu ni ya wafanyabiashara: kitu kilichoacha kutengenezwa hupanda bei. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kukataa. Ziwa letu linapakana na nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Siku ya anga safi tunaiona milima ya Kongo ng'ambo. Ikijulikana kwamba Kigoma kuna mzee anayetoa fedha nzuri kwa bastola za ajabu, unadhani zitaletwa za ajabu tu? Mvuvi wa usiku hatachagua mwaka wa kiwanda. Ataleta anachokipata, na tusichokitaka sisi atamtafutia mteja mwingine.

Sisi wa mkoa huu tumekwisha kuona bei ya bunduki iliyo rahisi. Mwaka 1965 silaha za waasi wa Kongo zilipitia hapa, na Che Guevara mwenyewe akavuka ziwa kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia. Oktoba 1993 aliuawa Rais Ndadaye wa Burundi. Mwaka 1996 vita vikawaka Kongo. Watu wakaja kwetu kwa maelfu, wengi mno wakiwa hawana chochote ila watoto na vyungu. Hao tuliwapokea na tulifanya vema. Lakini nyuma ya vita bunduki nazo zilivuka, kwa njia zake zenyewe. Mabasi ya Kasulu na Kibondo yakawa yanasindikizwa na askari. Kuna muhula ambao wanachuo wangu wawili walifika bila masanduku, bila viatu, na mmoja hakuweza kusema kwa siku tatu. Sikumuuliza kama bunduki aliyoelekezewa ilikuwa mpya au ya kale.

Nitaambiwa: "Mwalimu, basi tuharibu kila kilichotoka vitani?" La. Angalieni bandarini kwetu. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika maelfu ya makasha, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Ilibeba mzinga uliotoka katika manowari Königsberg. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka mashine zake grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Toka hapo imebeba dagaa, mawese, maharusi na maiti. Mei 2015 iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, ambako walikuwa wamesongamana ufukweni na kipindupindu kati yao, ikawaleta Kigoma. Hicho nacho ni chuma cha Mjerumani cha vita ile ile. Lakini mzinga uliondoka, na chuma kikapewa kazi mchana kweupe, mbele ya watu wote. Aliyepanda Liemba amesoma historia bila kuombwa kufungua kasha la mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wale warithi, kupitia kwa mwanafunzi wangu, ni huu. Wasiuze, wasitupe ziwani, wasiisogeze usiku kwenda kwa mtu mwingine. Waende kwanza wao wenyewe kituo cha polisi, pamoja na mwenyekiti wa mtaa, waeleze walichokikuta na mahali kilipo. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, kama ilivyofanya mwaka 2023, lakini mtu mkweli hana haja ya kungoja tangazo. Hapo hapo waombe kwa maandishi kwamba, ikionekana ina thamani ya kihistoria, izibwe mtutu na kuharibiwa kifyatulio, kisha ikabidhiwe makumbusho ya umma. Ikikubaliwa, mtoto wa shule ataiona nyuma ya kioo pamoja na maelezo. Isipokubaliwa, iyeyushwe, na dunia haitapungukiwa. Bado zipo nyingi katika makumbusho ya Ulaya.

Na wewe tajiri mwenye mapenzi ya historia, fedha uliyoiandaa kwa bastola usiirudishe benki. Nunua kinasa sauti na madaftari. Nenda Ujiji, nenda Kibirizi, nenda Kalinzi, ukakae na wazee wanaojua nani alibeba mizigo, nani aliunganisha meli, nani alilala porini mwaka 1996 na nani alimfungulia mlango. Piga picha za nyaraka zao kabla mchwa hawajazimaliza. Hao nao ni toleo lililoacha kutengenezwa, na kila Ijumaa tunamzika mmoja.