Umeweka kifua? Ndoo iache kwanza!

Kina dada wa mjini, leo nawaletea stori ya kifua. Msinikodolee macho, sikuja kumsema mtu. Mwenye hela zake na kifua chake, akitaka kiwe saa sita mpaka uzeeni, shauri yake. Wala si mambo ya juzi haya: mwanamke wa kwanza kuwekewa vifuko vya silikoni kifuani alifanyiwa kule Houston, Marekani, mwaka 1962. Mie naongelea kile kipande ambacho kule saluni hawakigusi, yaani zile wiki sita ukishatoka hospitali.

Daktari atakwambia, "Usibebe kitu kizito." Basi. Sasa kizito ndio kipi? Kwa kawaida wiki za mwanzo hawataki uzidishe kilo 2 au 3 hivi. Jamani, kilo 3! Unga kilo 2, sukari kilo 1, hapo umemaliza. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Mtoto wa miaka miwili ana kilo 10 na ushee. Hata ule mtungi mdogo wa gesi, ukijumlisha na chuma chake, umeshapita kilo 10.

Chini ya titi kuna msuli mpana, umeanzia katikati ya kifua ukaenda kushika juu ya mkono. Ukisukuma, ukivuta, ukikumbatia, ndio unaofanya kazi. Kuna madaktari wanaoweka kifuko juu ya msuli huo, kuna wanaokipitisha chini yake. Ukiwekewa chini, msuli umeinuliwa na kuachanishwa kidogo, ndiyo maana siku za kwanza unahisi kama umewekewa gunia la mkaa kifuani. Lakini hata wa juu asijidai. Ndani bado kubichi. Ukijikaza, presha inapanda, mshipa mdogo unaachia, damu inavia humo humo. Au kifuko chenyewe kinahama kabla hakijashikwa vizuri na nyama.

Tatizo ni kwamba maelekezo mengi yameandikiwa watu wenye mashine ya kufulia. Wanakukataza pushapu na vyuma. Sasa nani anapiga pushapu Tandale? Hakuna aliyeandika kusonga ugali, na ugali wa watu sita ni vyuma tosha, muulize mwenye mwiko. Kukuna nazi, kukamua mashuka, kudeki, kumfunga mtoto mgongoni kwa kanga inayokubana kifuani, yote hayo ni msuli ule ule. Halafu daladala! Umeshika bomba la juu, dereva kakanyaga breki, mwili mzima umening'inia kwenye mkono mmoja. Kusukwa, sawa, kaa usukwe. Kumsuka mwenzio mikono ikiwa juu saa nne nzima, hapana.

Nina shoga yangu alikwenda kimya kimya. Pale nyumba ya kupanga akawaambia wenzie anaumwa malaria. Siku ya tisa zamu ya maji ikamfikia. Malaria gani ya siku tisa? Wakaanza kuguna, naye kwa aibu akainama, akajitwisha. Usiku titi la kulia likavimba, gumu kama jiwe. Akarudishwa chumba cha upasuaji, nusukaputi ya pili na bili ya pili, damu ikatolewa. Mie naona kilichomponza ni siri zaidi ya ndoo. Mtu mmoja tu pale ndani angejua, angemchotea. Na kama lazima udanganye, basi danganya kwa akili: sema umepasuliwa ngiri. Mwenye ngiri haruhusiwi kubeba, na hakuna atakayekuomba aione.

Msidhani kwamba sasa ni kulala tu kama mwali. Kutembea unaanza mapema kabisa, hata siku ile ile, taratibu, ili damu isigande miguuni. Usiku unalala chali, umeinuliwa mito. Kazi ya kukaa mezani, wengi hurudi baada ya wiki moja au mbili. Kuendesha gari subiri uwe umeacha dawa kali za maumivu na mikono inazungusha usukani bila kushtuka. Wiki ya tatu au ya nne unaweza kutembea kwa kasi. Kukimbia na kurukaruka kunasubiri, kwani kifua kinachodunda kinavuta mshono. Vyuma ni kama wiki ya sita, tena uanze na vyepesi, na mazoezi ya kifua chenyewe yawe ya mwisho. Daktari wako akisema zaidi ya hapo, mfuate yeye, sio mie.

Titi moja likivimba ghafla, likiwa la moto, ukishikwa na homa, mshono ukitoa usaha, mguu mmoja ukivimba au pumzi ikikubana, usiende duka la dawa kuomba vidonge. Hospitali, usiku huo huo.

Na wewe kaka uliyetoa hela za kifua, ukawa wa kwanza kuuliza kitazinduliwa lini: hizo wiki sita ndoo yako, mwiko wako, mtoto wako. Mashuka peleka kwa dobi.