Si Kelele Tu

Hebu tega sikio katika kituo cha matatu mjini Machakos asubuhi. Makanga anaita "Nairobi! Nairobi!", sauti ikipanda na kushuka, honi inajibu, mlango unabamizwa, injini inanguruma. Wengi wetu tunaziita kelele.

Mmarekani Steve Reich alisikia zaidi. Kati ya 1939 na 1942, wazazi wake wakiwa wametengana, alisafiri kwa treni baina ya New York na Los Angeles. Mwaka 1988 alitunga Different Trains, muziki wa wapigaji wanne wa ala za nyuzi pamoja na kanda yenye honi za treni na maneno ya watu. Nyuzi huiga mapando na mashuko ya kila msemaji. Humo zimo pia treni zilizowapeleka Wayahudi wenzake kuuawa Ulaya.

Hapa kwetu, Nyokabi Kariuki alitoa peace places: kenyan memories mwaka 2022, akitumia sauti zilizorekodiwa nchini Kenya.

Basi mwanao akigonga meza akiiga matatu, usimkemee upesi. Piano ni ghali, lakini sikio analo tayari. Mwulize kwanza amesikia nini.