Mizani Mbili za Rais Jackson

Wako wanaomsifu Andrew Jackson, Rais wa Marekani tangu 1829 hata 1837, kuwa rafiki wa wanyonge na mlinzi wa umoja wa nchi. Husema, Hakuiogopa South Carolina. Ni kweli. Novemba 1832 jimbo lile lilitangaza ya kuwa sheria za ushuru wa forodha ni batili kwake, maana watu wake waliziona zanufaisha wenye viwanda wa Kaskazini tu. Tarehe 10 Desemba Jackson akajibu kwa ukali, ya kwamba jimbo halina haki ya kutangua sheria ya nchi nzima. Kisha akaomba idhini ya kutumia askari.

Vema. Je, siku ile Samuel Worcester, mmisionari, alikuwa wapi? Alikuwa gerezani Georgia, kwa kosa la kukaa katika nchi ya Wacherokee pasipo kibali cha jimbo! Nayo Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuamua, Machi 1832, ya kuwa sheria hizo za Georgia hazina nguvu huko. Georgia ikaziba masikio, wala Rais hakuishurutisha kutii. Alichelea isije ikashikamana na South Carolina. Tena ardhi ya Wacherokee ilitamaniwa na hao hao wanyonge waliompigia kura. Wacherokee hawakuwa na kura.

Worcester alifunguliwa Januari 1833 kwa msamaha wa gavana, wala si kwa hukumu ile. Wacherokee walitolewa kwao na askari mwaka 1838, wakafa kwa maelfu makambini na njiani.