Pasi Fupi kwa Mtoto Mwenye Selimundu

Katika kliniki nyingi, mzazi wa mtoto mwenye selimundu huambiwa neno moja tu kuhusu michezo: mtoto asicheze sana. Haelezwi “sana” ni kiasi gani. Afikapo nyumbani Bunda, huchagua njia anayoiona salama: mtoto huketi kando akiwatazama wenzake wakisakata kabumbu. Ushauri huo una nia njema, lakini haujakamilika. Mtoto huyo anaweza kufundishwa kupiga na kupokea pasi, na mhudumu wa afya ndiye anayepaswa kumfungulia njia.

Jambo hili si dogo. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka, na Kanda ya Ziwa, ambamo Mkoa wa Mara umo, ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi. Upungufu wa maji mwilini, baridi na uchovu mkubwa huweza kufanya chembe nyekundu za damu zijikunje, zizibe mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Hofu ya mzazi, basi, ina msingi. Kasoro yake ni kutotofautisha mechi na somo la mpira.

Katika mechi ya watoto wadogo, ishirini huukimbilia mpira mmoja. Wenye nguvu huugusa mara nyingi, dhaifu hugongwa na kuachwa nyuma. Somo la pasi ni kinyume chake. Watoto wawili husimama mita tatu hadi tano, kila mmoja akisubiri zamu yake. Hakuna kunyang’anyana wala kukimbizana, na kila mtoto huugusa mpira mara nyingi.

Mafunzo yenyewe ni mepesi. Mguu wa kuegemea huwekwa kando ya mpira, ukielekea kwa mwenzake. Goti hukunjwa kidogo. Mpira husukumwa kwa upande wa ndani wa mguu mwingine. Mpokeaji huurudisha mguu nyuma kidogo mpira unapofika, ili utulie. Kabla ya kupiga, mtoto huinua macho na kumtazama mwenzake. Akizoea mguu mmoja, hujaribu wa pili. Mpira wa mifuko na kamba unatosha. Kwa kuwa haudundi sana, humfaa anayeanza. Kupiga kichwa hakuhitajiki katika umri huu: Chama cha Soka cha Uingereza kilikiondoa katika mazoezi ya watoto wa shule za msingi mwaka 2020.

Masharti yapo, nayo hayana mjadala. Mtoto apimwe kwanza. Mwenye bandama lililovimba asiingie kwenye michezo ya kugongana. Acheze asubuhi jua likishapasha hewa joto, au alasiri jua linapopungua. Anywe maji kabla, katikati na baada ya mchezo, na apumzike kila anapotaka, bila kungoja ruhusa. Asioge ziwani baada ya kucheza, kwani maji baridi huweza kuamsha maumivu, na ufukweni mwa Ghuba ya Speke kichocho nacho ni hatari. Akipata homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, weupe wa ghafla wa viganja au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, aache mara moja na apelekwe hospitali. Dawa zake ziendelee kama alivyoandikiwa.

Wapo watakaosema kuwa mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kumlinda mtoto mmoja. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake si kumtenga mtoto. Mwalimu akiwagawa wanafunzi wawili wawili, humwona kila mmoja kwa urahisi kuliko wanaporundikana kwenye mpira mmoja. Anachohitaji ni maelezo, na hayo hayatoki uwanjani, yanatoka kliniki.

Kwa hiyo, badala ya “asicheze sana”, daftari la mtoto liandikwe maneno ambayo mzazi na mwalimu wataweza kuyafuata: pasi fupi, dakika chache, maji, pumziko, na dalili za kuacha. Dakika moja ya kuandika humpa mtoto mahali pa kusimama miongoni mwa wenzake. Mtoto anayepigiwa pasi amehesabiwa kuwa mchezaji, na utu huo nao ni sehemu ya tiba.