Ngoma ya Elektroniki Darasani: Zana au Maonyesho?

Imekuwa desturi njema katika vyuo vyetu kuwahimiza walimu wanafunzi watengeneze zana za kufundishia kwa mikono yao wenyewe. Kwa miaka mingi zana hizo zilikuwa za makaratasi, udongo, mabati na vifuniko vya chupa. Siku hizi imeongezeka aina nyingine: vyombo vya muziki vya elektroniki vilivyoundwa nyumbani, hasa ngoma, ambazo mtu akizipiga kwa kiganja au kijiti, sauti hutoka katika kompyuta. Hatuna nia ya kuzipinga. Tunalosema ni kwamba namna zinavyotumiwa madarasani, mara nyingi, si ufundishaji.

Tutoe mfano mmoja, ambao lawama yake inatuangukia sisi wakufunzi kuliko mtu mwingine yeyote. Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka jana, mwalimu mwanafunzi mmoja aliingia Darasa la Tano na sanduku lililopakwa rangi za kupendeza. Akalipiga, sauti ya ngoma ikatoka, watoto wakashangilia. Akawaita wawili watatu, nao wakapiga. Ndipo mvulana mmoja aliyeketi nyuma alipouliza, "Mwalimu, sauti inapita kwenye huo waya?" Mwalimu akamjibu kwamba swali ni zuri ila muda hautoshi, akamketisha. Nasi tuliokuwapo na fomu zetu za tathmini tuliandika kwamba zana ilikuwa bora, tukampa alama za juu. Jioni, tukiwa njiani kurudi chuoni, ndipo tulipotambua kwamba swali la mtoto yule ndilo lililokuwa somo lenyewe, na kwamba tulilisikia likizimwa tukatia saini.

Jibu ni kwamba sauti haipiti. Mwalimu anayetaka kuingia na ngoma hiyo darasani hana budi alielewe jibu hilo mpaka aweze kulieleza kwa maneno ya watoto. Chini ya uso wa ngoma hukaa kisahani chembamba cha madini kilichopakwa kauri upande mmoja, kiitwacho kisahani cha piezo. Si kitu cha ajabu. Hupatikana ndani ya saa za kengele zilizokufa na katika kadi za siku ya kuzaliwa ziimbazo. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele za namna fulani zikibanwa hutoa umeme, na kisahani hiki hufanya kazi kwa tabia hiyohiyo: kikigongwa polepole hutoa umeme kidogo, kikigongwa kwa nguvu hutoa mwingi zaidi. Umeme huo hupimwa na kibao cha kompyuta ndogo, kama vile Arduino, kilichoanzishwa Italia mwaka 2005, nacho huugeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023.

Kisha kibao huandika ujumbe wa namba tatu. Ya kwanza huamuru sauti ianze, ya pili hutaja ni sauti ipi, ya tatu husema kwa nguvu kiasi gani. Huo ndio mtindo wa MIDI, uliotangazwa mwaka 1983 ili vinanda vya watengenezaji mbalimbali viweze kuelewana. Katika mpango wa sauti uliokubaliwa mwaka 1991, namba 36 ni ngoma nzito ya chini, na 38 ni ile ndogo yenye mlio mkali. Kompyuta huusoma ujumbe, ikatoa sauti iliyokwisha kuwekwa ndani yake. Ni kama mtoto aliyetumwa dukani na kikaratasi. Kikaratasi si sukari. Mwenye duka akikisoma ndipo anapoipima.

Hapo hesabu nayo huingia bila kuitwa. Namba ya nguvu katika MIDI haizidi 127, ilhali kipimo cha kibao chafika 1023. Basi hugawanywa kwa 8. Pigo la 640 huwa 80, na pigo la 200 huwa 25. Tumewaona watoto wasiopenda kabisa kugawanya wakinyang'anyana chaki ili wajue ni nani aliyepiga kwa nguvu kuliko mwenzake.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba mwalimu asiingie na ngoma iliyokamilika. Kibao aina ya Arduino Leonardo, ambacho kikipewa programu inayofaa hutambuliwa na kompyuta kuwa chombo cha MIDI, kina vitundu sita vya kupimia vilivyoandikwa A0 hadi A5. Vitundu sita, vikundi sita: hata darasa la watoto 72 litagawanyika watoto 12 kwa kila kikundi. Kila kikundi kiunde ngoma yake kwa kopo au kipande cha ubao, kisahani kimoja, na rezista ya ohmu milioni moja iliyounganishwa kati ya nyaya mbili za kisahani ili kukikinga kibao. Kazi ya kulehemu aifanye mwalimu, na kabla ya kipindi, kwani dakika 40 si nyingi.

Mambo yataharibika. Pigo moja litasikika mara tatu, maana kisahani huendelea kutetemeka baada ya kugongwa. Programu iamriwe ingoje milisekunde 50 hivi kabla ya kusikiliza tena. Ngoma ya kikundi kimoja itaitikia pigo la jirani, maana meza ni moja na mtetemo husafiri kwenye ubao. Soli ya kandambili kuukuu ikiwekwa chini ya kila ngoma, hali hutulia. Twawaomba walimu wanafunzi wasiyaondoe makosa haya usiku kwa siri. Mtoto aliyegundua kwa mkono wake kwamba mtetemo hupita mezani amejifunza juu ya sauti zaidi ya aliyenakili ukurasa mzima.

Wako wenzetu wanaohofu kwamba vyombo hivi vitaiua ngoma ya ngozi. Hofu hiyo tuliichukulia kwa uzito, mpaka tulipomwona msichana mmoja, ambaye babu yake ni mpigaji ngoma, akiipiga ya elektroniki kwa dakika mbili tu na kusema, "Hii haijui kofi na kiganja." Alisema kweli. Kisahani kimoja hupima nguvu tu; hakijui kama umepiga katikati au ukingoni, jambo ambalo chapuo na msondo hulijua bila kufundishwa. Mwenzake akashauri viwekwe visahani viwili, kimoja katikati na kimoja ukingoni. Watengenezaji wakubwa wa ngoma za elektroniki hufanya karibu vivyo hivyo. Lakini bila ngoma ya ngozi darasani, upungufu ule usingeonekana na mtu. Ndiyo maana twasisitiza kwamba ngoma zote mbili ziwe mezani siku hiyohiyo.

Wengine husema shule zao hazina umeme wala kompyuta. Hoja hiyo ni nzito, nasi hatutaidharau. Hata hivyo, nusu ya somo haihitaji vyote viwili. Kitaa kidogo cha LED kikiunganishwa na nyaya mbili za kisahani, na kisahani kikagongwa kwa nguvu mahali penye giza kiasi, kitaa humeta mara moja. Hakuna betri wala soketi. Darasa lote litataka kujua umeme ule umetoka wapi.

Katika fomu yetu ya tathmini tumeomba uongezwe mstari mmoja, wa maswali ya wanafunzi na jinsi yalivyojibiwa. Yule mvulana sasa yuko Darasa la Sita. Tulipomfuata hakukumbuka kwamba aliwahi kuuliza lolote. Tumemwachia mwalimu wake visahani vinne na kitaa kimoja.