Mche wa parachichi: kovu la kubebesha halitoshi

Njombe, Iringa na Mbeya, vitalu vidogo vya miche ya parachichi sasa ni jambo la kawaida kando ya barabara. Kijana akiwa na uwanja nyuma ya nyumba, neti ya kivuli, viriba na maji ya karibu, biashara imeanza. Kinachowavuta ni soko. Novemba 2022 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kuuza parachichi zetu huko, na wanunuzi wa nje hutafuta zaidi aina ya Hass.

Lakini msikilizaji, kuuza miche si sawa na kuuza sukari. Sukari mbovu utaijua jioni ileile. Mche usio sahihi utaujua baada ya miaka 3 hivi, matunda ya kwanza yakitoka, na shamba limeshakula samadi, maji na nguvu zako.

Kwa nini mche hubebeshwa?

Ukipanda mbegu ya Hass, mti utakaoota hautazaa Hass halisi. Miti yote ya Hass duniani inatokana na mti mmoja wa California, Marekani. Ili kuipata, kikonyo cha mti wa Hass huunganishwa na mche wa kienyeji ulioota kwa mbegu, na pale vilipoungana hubaki kovu. Wakulima wengi huangalia kovu hilo na kulipa. Kovu linakwambia mche umebebeshwa. Halikwambii kikonyo kilikatwa kwenye mti gani.

Mwenye kitalu naye anabanwa wapi?

Tuseme amejaza viriba 1,000. Mbegu nyingine hazitaota, na vikonyo vingine havitashika. Akibakiwa na miche 700 ya kuuza, hiyo ndiyo itakayorudisha gharama ya viriba vyote 1,000. Wateja nao huja kwa pamoja mvua zinapoanza, kuanzia Novemba. Mche usiouzwa msimu huo unaendelea kunyweshwa huku mizizi ikijikunja ndani ya kiriba. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia: kuokota vikonyo popote ili kupunguza gharama, au kuuza mche uliopitiliza kwa maneno matamu. Tena udongo wenye vimelea au unaotuamisha maji unaweza kuleta ugonjwa wa kuoza mizizi, na mteja akaubeba mpaka shambani kwake.

Nini kifanyike?

Mwenye kitalu, silaha yako ni daftari. Andika tarehe ya kubebesha, shamba vikonyo vilikotoka, aliyebebesha na aliyenunua. Fika pia kwa TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu nchini, uelezwe taratibu za usajili na ukaguzi.

Mkulima, kabla ya kulipa uliza: vikonyo vimetoka shamba gani? Naweza kuuona mti mama? Mche umebebeshwa lini? Omba risiti iliyoandikwa aina ya mche, kisha itunze. Asiye na majibu, hata akipunguza bei, anakuuzia bahati nasibu.

Kitalu cha mtaani kina faida moja ambayo muuzaji wa kupita na gari hana: mteja anajua mwenyewe anakaa wapi. Miti ikizaa vizuri, jirani atamleta jirani. Ikizaa vinginevyo, wote watajua pa kwenda kuuliza.