Dole Gumba Si Ridhaa

Shangazi yangu anauza samaki wakavu na unga wa muhogo sokoni Koboko. Mwaka jana kijana mwenye kamera alimpiga picha, akampa shilingi 5,000 na karatasi ya Kiingereza ili atie dole gumba. Miezi michache baadaye uso wake ulionekana kwenye bango la muuza dawa za mitishamba, na chini yake imeandikwa kwamba alikuwa na kifua kikuu na sasa amepona. Shangazi hajawahi kuugua kifua kikuu. Lakini nani atanunua samaki kwa mtu anayedhaniwa kuwa anakohoa damu? Wateja walianza kupungua wiki ile ile.

Nilipolieleza jambo hili darasani, hapa Arua, mwenzangu mmoja alinijibu upesi: "Si alitia dole gumba? Pesa yao alikula." Mwingine akasema haki za picha ni za watu mashuhuri, uso wa muuza samaki hauna bei. Nazipinga hoja zote mbili, maana nimezisikia hata kwa watu wazima wenye vyeti.

Nianze na ya pili, kwa kuwa Mahakama Kuu ya Uganda imekwisha kuijibu. Ni kweli kwamba kesi ya Proline Soccer Academy ya mwaka 2009 ilihusu wachezaji wa mpira. Lakini katika kesi ya madai namba 756 ya mwaka 2013, mwanamke asiye mwimbaji wala mchezaji aliishtaki Opportunity Bank pamoja na kampuni ya matangazo ya Maad kwa sababu ya picha yake. (Jina lake limo katika hukumu, sioni sababu ya kulitembeza tena.) Mahakama ilitambua kwamba mtu ana haki juu ya taswira yake, ikaeleza mambo matatu ya kuthibitishwa: kwamba mlalamikaji anatambulika, kwamba mshtakiwa ameitumia sura yake kujitangaza, na kwamba amefanya hivyo kwa makusudi ili apate faida. Umaarufu haumo. Tena, kama uso wa shangazi hauna bei, mwenye dawa aliufuata wa nini? Si angechora chupa yake tu?

Jirani zetu wamekwenda mbele zaidi. Septemba 2023, ofisi ya Kenya inayosimamia ulinzi wa data iliitoza klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kusambaza picha ya mteja bila ridhaa yake. Huyo naye alikuwa mtu aliyekwenda kustarehe tu.

Sasa dole gumba. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda, ya mwaka 2019, inataka ridhaa itolewe kwa hiari, iwe mahususi, na mtoaji awe ameelewa anachokubali. Shangazi alikubali kupigwa picha. Ugonjwa hakuukubali, maana hakuna aliyemtajia ugonjwa. Na hata angekubali, uongo ungebaki kuwa uongo, kwa sababu bango lile lina mdanganywa wa pili: mgonjwa wa kweli anayelisoma. Katika vituo vya afya vya serikali kifua kikuu kinatibiwa bure, kwa vidonge vya miezi sita. Anayeviacha kwa kuamini chupa ya mitishamba anaweza kufa, na kabla hajafa anawaambukiza watoto wake. Mwenzangu wa "pesa yao alikula" anihesabie hapo shilingi 5,000 zinatosha nini.

Kushtaki? Shangazi alipiga hesabu ya nauli ya kuja Arua, ada ya wakili na siku za kufunga meza yake, akanyamaza. Ofisi ya kupokea malalamiko ya data iko Kampala. Sheria anayo, ila iko mbali naye, na imeandikwa kwa lugha asiyoisoma.

Hapo ndipo ninapotugeukia sisi tunaosoma Kiswahili. Kila mara tunaandika insha kwamba Katiba ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na kwamba Baraza la Mawaziri lilikipitisha tena mwaka 2022. Tunabishana kama tuseme idhini, kibali au ridhaa. Nani kati yetu ameandika karatasi moja ya ridhaa ambayo mama wa sokoni anaweza kusomewa? Najua, lugha ya shangazi ni Kikakwa. Lakini Kiswahili ndicho anachohesabia fedha na wateja wanaotoka Kongo, na hakuna aliyewahi kumpunja humo.

Mimi nimeanza kuiandika. Walimu wangu, nisahihisheni. Mpaka sasa inasema: Picha yako itatumika kuuza dawa. Chini yake itaandikwa kwamba uliugua ukapona. Je, uliugua?